Kikombe cha Pili

Mtoto hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililomtia Inspekta Ndinda Wathome wasiwasi. Jana Kyalo alikuwa akilia kila alipoguswa. Leo alikuwa amelala tu, miguu imevimba, kope zimeshuka nusu, na kifua chake kidogo kikipanda na kushuka mbiombio kana kwamba anakimbizwa. Mama yake, Muthoki, alikuwa amemshika kidole gumba cha mguu, kwa sababu mahali pengine pote palikuwa na mipira na plasta.

"Nilikuuliza jana na ninakuuliza tena," daktari wa wodi alisema, akimvuta Ndinda hadi mlangoni. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakuwa na muda wa salamu. "Ni sumu gani? Niletee jina tu. Nikipata jina nitajua la kufanya."

"Mkemia wa serikali amepima uji, sufuria na matapishi. Hakupata kitu."

"Basi apime tena. Moyo wa huyu mtoto unachoka. Asubuhi tulimwekea dripu ya sukari apate nguvu, badala yake akazidiwa. Sijui kama atafika kesho."

"Kwa hivyo sukari ndiyo iliyomzidishia?"

"Sikusema hivyo. Nimesema alizidiwa baada ya kuwekewa. Kwa nini, hata mimi sielewi."

Ndinda aliliweka hilo akilini. Alipogeuka aondoke, Muthoki alimwita bila kuachilia kile kidole.

"Madam, yule mama mpishi amesema?"

"Bado."

"Mwambie mimi sitaki afungwe. Sitaki apigwe pia. Aseme tu alimpa mtoto wangu nini."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kule Dandora, katika chekechea ndogo ya kanisa, watoto walikuwa wakipewa uji wenye vitamini tangu muhula ulipofunguliwa. Mradi ulikuwa wa maabara moja ya mtaa wa Tena, na uji kama huo ulikuwa ukinywewa Makongeni na kwingineko bila mtoto hata mmoja kupiga chafya. Dandora, watoto watatu walianza kuburuta miguu, kisha wakakataa kula, kisha wakavimba. Nthoki, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alizikwa Jumamosi. Siku hiyohiyo majirani walimburura mpishi, mama mmoja kwa jina Wayua, kutoka nyumbani kwake, na polisi walipofika nywele zake zilikuwa tayari zinanuka petroli.

Katika kupekua jiko lake, Sajenti Dubow alipata pakiti ya dawa ya panya chini ya meza. Kesi ikawa imekwisha. Kesho asubuhi Wayua angefikishwa kortini kwa mauaji, na kila mtu kituoni alikuwa ameridhika isipokuwa Ndinda. Sababu yake haikuwa kubwa. Ile pakiti haikuwa imefunguliwa.

*

Wayua alikuwa mwanamke wa rika la bibi, mnene kidogo, mwenye mikono iliyopauka kwa majivu ambayo hata sabuni ya rumande haikuyatoa. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano akiwa amejitanda leso, macho sakafuni.

"Mama Wayua, nieleze unavyopika," Ndinda alisema.

"Nilishakueleza, mwanangu."

"Nieleze tena. Nieleze kama mtu ambaye kesho atapika mwenyewe."

Yule mama alishusha pumzi. "Jioni nashindilia maranda kwenye jiko. Mume wangu Nzau ni mchongaji, maranda hayatuishii. Asubuhi nawasha. Maji yakichemka natia unga, nakoroga mpaka unaiva. Naepua, nafunika. Ukishapoa kiasi cha kutia kidole, naweka dawa."

"Dawa gani?" Dubow alidakia. Alikuwa amesimama ukutani, mrefu, mikono kifuani.

"Ile ya mkebe. Hamira ya vitamini, ya mradi. Nakoroga, naacha kidogo inatoa povu, halafu nagawa."

"Kwa nini usiiweke uji ukiwa motoni?" Ndinda aliuliza.

"Si ni dawa? Dawa haichemshwi. Hata Bedan wa mradi aliniambia hivyo, kwamba moto unaua vitamini."

"Alikuja jikoni kukuonyesha?"

"Aje wapi? Alinipigia simu."

"Na kila mtoto alipata kikombe kimoja."

Wayua alivuta leso, akaifunga upya ingawa haikuwa imefunguka.

"Kimoja," alisema mwishowe. "Ila wale waliokonda niliwaongezea."

"Wale nani?"

"Nthoki. Kyalo. Na yule msichana ambaye mama yake anaokota taka kule jaani. Nyumbani kwao ni chai ya strungi, isiyo na maziwa, na mkate mkavu, basi. Hao niliwapa kikombe cha pili kila siku."

Dubow alishusha mikono yake polepole. Alingoja mpaka wakatoka kwenye ujia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mathe amejimaliza. Watatu walioumia ndio hao watatu aliowaongezea. Aliwachagua mwenyewe, madam."

"Anayetaka kumuua mtoto hamwongezei uji muhula mzima, Dubow. Anamaliza kazi siku moja."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba kitu hicho kimo ndani ya kikombe. Kikombe kimoja mtoto anastahimili, viwili vinamwangusha. Sasa niambie, kikombeni kuna nini?"

"Maji. Lakini hayo ni ya mfereji wa plot nzima." Dubow alikuna kidevu. "Unga ni wa duka la kila mtu. Inabaki hamira. Lakini Makongeni wanakunywa hamira hiyohiyo na watoto wanacheza mpira."

"Ndiyo maana tunaenda mtaa wa Tena, maabarani," Ndinda alisema, naye alikuwa tayari anatafuta funguo za gari. Kila mara simu yake ilipotetema mfukoni aliitoa haraka, akidhani ni wodini.

*

Maabara ilikuwa nyumba ya kupanga kama nyingine zote za mtaa ule, ila ndani ilinuka mkate uliosahauliwa. Daktari Wacuka aliwapokea akiwa na koti jeupe juu ya gauni la maua. Alikuwa mfupi, mwepesi wa maneno, na ilionekana wazi kwamba tangu Jumamosi hakuwa amelala.

"Hamira yangu haiwezi kumdhuru mtoto," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi naitumia. Watoto wangu wanaitumia."

"Ikiwa imechemshwa?"

"Bila shaka. Inapikwa pamoja na unga, uji utokote. Hilo ndilo sharti la kwanza."

"Wayua anaitia uji ukishapoa."

Wacuka alitabasamu, kisha tabasamu likamkwama usoni. "Haiwezekani. Bedan alimfundisha yeye mwenyewe, ana kwa ana. Alinipa ripoti."

"Na kama hakumfundisha? Hamira ikinywewa mbichi, ikiwa hai, inafanya nini?"

"Inspekta, siwezi kuanza kubuni mambo. Mradi huu ni miaka ya maisha yangu. Bedan alisimama kwenye lile jiko. Muulize."

Bedan alikuwa chumba cha nyuma akipanga mikebe. Aliingia akijipangusa mikono, mwanamume nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni na beji ya kanisa kifuani. Aliwaamkia wote kwa heshima, akakaa. Ndinda hakumkazia sauti. Alivuta kiti karibu kabisa.

"Bwana Bedan, ulifika jikoni kwa Wayua?"

"Nilifika, mwanzoni mwa muhula."

"Ukamwonyesha nini?"

"Kuchanganya hamira na unga, kuweka motoni, kuchemsha mpaka utokote vizuri. Alirudia mwenyewe mbele yangu. Huyo mama anajua, madam. Akisema hajui anawachezea."

"Yeye anasema ulimpigia simu."

"Ningekuwa mimi nimekamatwa kwa mauaji, pia ningesema hivyo."

Dubow aliitikia kwa kichwa. Hata Ndinda aliona kwamba jibu lile lilikuwa zuri. Ukutani saa ilikuwa ikienda, na akilini mwake alikiona kile kifua kikipanda na kushuka.

"Wewe ulisimama wapi, akipika?"

"Kando yake tu. Kando ya meko."

"Meko ya aina gani?"

Hapo ndipo Bedan alipojiharibia. Angesema hakumbuki, nani angemshika? Lakini alikuwa mtu wa ripoti nzuri, na ripoti nzuri inataka maelezo.

"Ya gesi," alisema. "Ile ya vichomeo viwili. Nakumbuka mtungi ulikuwa wa buluu, kwa sababu nilimwambia ausogeze mbali kidogo na moto, kwa usalama."

Dubow, aliyekuwa akitazama dirishani, aligeuza kichwa.

"Rudia hapo," alisema.

"Mtungi wa buluu."

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyepekua lile jiko. Nilipekua mpaka chini ya majivu. Hakuna gesi pale, na haijawahi kuwako. Ni jiko la maranda, debe la bati. Nilienda nyumbani na maranda ndani ya soksi, mke wangu akaniuliza kama siku hizi mimi ni seremala."

Hakuna aliyecheka. Jasho lilimtoka Bedan juu ya mdomo.

"Gesi ni ya Makongeni," Daktari Wacuka alisema polepole. "Mtungi wa buluu ni wa Makongeni. Bedan?"

"Nina pumu," Bedan alisema. Hakumtazama yeyote. "Daktari, wewe unajua nina pumu. Ule moshi wa jaani Dandora ungeniua. Nilifika mpaka stendi, nikashindwa kupumua, nikarudi. Nilimtuma mtu wa boda apeleke mkebe, mimi nikampigia mama simu. Sasa ningefanya aje?"

"Ulimwambia nini kwenye simu?" Ndinda aliuliza.

"Kwamba asiweke motoni. Aweke uji ukishapoa."

"Na sharti lilikuwa ichemshwe. Kwa nini ulisema kinyume?"

"Kwa sababu ni vitamini!" Sauti ilimpasuka. "Kila mtu anajua moto unaua vitamini. Mama yangu hakuwahi kupika sukuma mpaka zibadilike rangi. Shuleni tulifundishwa, usipike mboga kupita kiasi. Siku ya mafunzo hapa nilitoka mapema, nilikuwa na kikao cha kanisa. Yule mpishi wa Makongeni alikuwa ameketi hapa mpaka mwisho, akajua. Mimi nikaona nikimwambia mama asichemshe nimemsaidia, dawa itafanya kazi vizuri zaidi."

"Na Nthoki alipokufa?"

"Niliogopa." Alijifunika uso. "Nilisikia wamepata dawa ya panya. Nikasema basi, kumbe si mimi. Niliomba Mungu iwe dawa ya panya."

Ndinda alikuwa na mengi ya kumwambia, na hakumwambia hata moja. Alimgeukia Wacuka. "Sasa haikuchemshwa. Si kubuni tena. Niambie."

Wacuka alikuwa amekaa juu ya kreti ya chupa. Uso ulikuwa umemshuka.

"Hamira hujitengenezea vitamini B1 yenyewe," alisema. "Ndani yake kuna vimeng'enya. Vichukulie kama vibarua, kila mmoja na kazi yake kwenye ule mstari wa kutengeneza. Kimeng'enya cha kawaida hufanya kazi ileile maelfu ya mara bila kuchoka. Lakini kwenye vitamini hii kuna wawili wa ajabu. Kibarua hunyofoa kipande cha mwili wake mwenyewe na kukitia kwenye vitamini. Akishatoa, kwisha. Hafanyi kazi tena maishani. Kibarua mmoja kwa chembe moja."

"Ghali hiyo," Dubow alisema.

"Ghali mno. Ndiyo maana hamira ni bahili kupindukia. Ikikuta vitamini imelala bure nje, inafunga kiwanda chake, inafuta vibarua wote, inaanza kunyonya ile ya bure. Inaihifadhi ndani yake na haiachilii mpaka ife. Ukiichemsha, inakufa, inapasuka, na mtoto anapata kila kitu. Ukiipa hai..." Aliacha.

"Malizia."

"Ukiipa hai, inakuta unga una vitamini, inachukua. Inashuka tumboni ikiwa hai, inakuta kidogo alichokula mtoto nyumbani, inachukua pia. Kisha inatoka chooni na hazina yote. Mtoto wa kikombe kimoja, mwenye ugali na maharagwe kwao, angeweza kuponea. Wa vikombe viwili, mwenye chai kavu na mkate, hapana. Huyo alikuwa akiporwa kila siku."

"Mtoto aliyeishiwa vitamini hiyo anaonekanaje?"

"Miguu inalegea. Inavimba. Kope zinashuka. Moyo unaenda mbio halafu unashindwa."

"Na ukimwekea dripu ya sukari?"

Wacuka aliruka akasimama. "Nani amemwekea sukari? Mwili unahitaji B1 ili kuichoma sukari. Kama hana, ile sukari inammalizia hata tone lililobaki. Inspekta, achomwe sindano ya B1 kwenye mshipa sasa hivi. Haina madhara, hata kama nimekosea. Sasa hivi."

Ndinda alikuwa ameshapiga. Simu ya daktari iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikaita, ikakatika. Akampigia Muthoki.

"Madam?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Mama Kyalo, daktari yuko wapi?"

"Sijui. Ameenda wodi ya pili. Madam, mtoto wangu amekuwa baridi mikono."

"Chukua simu ukimbie. Usiikate. Mtafute daktari popote alipo, umwekee simu sikioni hata akikataa."

Walisikia ndara zikipiga sakafu. Walisikia mlango, muuguzi akigomba, Muthoki akimwambia maneno ya Kikamba ambayo Ndinda aliyaelewa na hatayarudia. Halafu sauti ya yule kijana: "Nani huyu?" Ndinda alimpa Wacuka simu na kutoka nje, kwa kuwa hakuweza kusikiliza.

*

Walikaa garini katika ua wa kituo, Bedan wakiwa wameshamkabidhi ndani. Jua lilikuwa limelalia mabati ya upande wa pili wa barabara. Dubow alinunua njugu, akazishika mkononi bila kuzila.

"Ile pakiti ya panya," alisema. "Niliiinua juu wale watu waione, pale nje. Nilitaka watulie. Kumbe nilikuwa nawapa kiberiti."

Ilikuwa kweli, na Dubow mwenyewe alijua. Simu ilikuwa imelala juu ya dashibodi. Ilipotetema, wote wawili waliitazama kabla ya yeyote kuishika.

Alikuwa Muthoki, na alikuwa akilia. Alilia hivi kwamba hakuna neno lililotoka. Ndinda alifumba macho. Alijiona akienda kwenye kaburi dogo la pili, kisha akasikia ndani ya simu kelele nyingine nyuma ya kilio cha mama, nyembamba na ya hasira.

"Ni nani huyo analia?" aliuliza.

"Ni yeye," Muthoki alisema. "Ni Kyalo. Hataki kushikwa. Daktari anasema moyo umeanza kupungua mbio. Yule msichana mwenzake wa chekechea, wa kitanda cha pili, naye wamemdunga. Madam, amempiga teke muuguzi."

Dubow alizitupa njugu zote dirishani.

*

Selini, Wayua alikuwa ameketi vilevile, macho sakafuni, kana kwamba hakuinuka tangu mchana. Ndinda alikaa kando yake kwenye benchi la seli, si mbele yake. Alimweleza yote pole pole: kwamba hapakuwa na sumu, kwamba hamira ilipaswa kuchemshwa, kwamba Bedan alimwambia kinyume kisha akadanganya, kwamba Kyalo analia. Alimwambia hatafikishwa kortini, ila wangemtafutia mahali pa kulala mbali na Dandora mpaka watu wapoe.

Wayua alisikiliza bila kukatiza. Aliposikia kuhusu Kyalo alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika, kisha akatulia.

"Kwa hivyo hamira ndiyo iliyowala," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyeikoroga."

"Ulifanya ulivyoambiwa."

"Nthoki alikuwa akimaliza cha kwanza, analamba kikombe, halafu ananitazama tu. Hasemi kitu. Sasa ungemnyima?" Alimgeukia Ndinda kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na macho yake yalikuwa makavu. "Niambie ukweli, mwanangu. Ningempa kimoja tu kama wenzake, angekuwa hai?"

Ndinda alikuwa ameshinda siku nzima akiwinda uongo wa mtu mmoja. Maneno ya Wacuka yalikuwa bado yako masikioni mwake: kikombe kimoja, huenda akaponea; viwili, hapana.

"Hapana, mama," alisema. "Angekufa tu. Alikuwa mdogo sana."

Wayua alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyesema amenawa mikono. Kisha akainua macho mlangoni, alikosimama Dubow na funguo mkononi. Dubow ndiye aliyekuwa mkali kwake tangu siku ya kwanza, hakuwahi hata kumwita mama.

"Na wewe," alimwuliza, "ulikuwako huko kwa daktari. Ndivyo alivyosema?"

Dubow alitazama viatu vyake. Bado vilikuwa na maranda kwenye mshono.

"Ndivyo hivyo, mama," alisema, akaingiza ufunguo kwenye lango na kulifungua.